Uzi maalumu: Vincent O'Brien, mkufunzi aliyetawala viunzi kisha akatawala tambarare

Hatamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi kwa sababu nilitaka niuandike nikiwa na nafasi. Kila tukijadili farasi wa mbio hapa, mjadala unaishia kwa farasi wenyewe au kwa majoki. Mkufunzi anatajwa juu juu tu, kama vile kazi yake ni kumfungulia farasi mlango wa banda na kumsindikiza uwanjani. Leo naomba tumzungumzie mkufunzi mmoja tu, Michael Vincent O'Brien wa Ireland, aliyezaliwa 1917 na kufariki 2009 akiwa na miaka 92.

Nianze na takwimu ili anayemsikia kwa mara ya kwanza ajue tunazungumzia mtu wa namna gani. Alishinda Derby ya Epsom mara 6. Alishinda Grand National miaka mitatu mfululizo, 1953, 1954 na 1955, tena kwa farasi watatu tofauti, na hakuna mkufunzi mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Prix de l'Arc de Triomphe ya Ufaransa alishinda mara 3. Alikuwa bingwa wa wakufunzi wa Ireland mara 13, na Uingereza akawa bingwa mara mbili kwenye viunzi na mara mbili kwenye tambarare. Mwaka 2003 gazeti la Racing Post lilipowauliza wasomaji wake ni nani mkubwa kuliko wote katika historia ya mbio za farasi, walimchagua yeye.

Ila sikuja kuhesabu vikombe. Hoja yangu ni moja. Watu wengi wanamkumbuka kwa miaka ya mamilioni, ya kina Robert Sangster, mmiliki tajiri wa farasi, na minada ya farasi ya Kentucky, Marekani. Mimi nasema O'Brien alishakamilika kama mkufunzi kabla hata senti moja ya pesa hizo haijaingia, na aliyoyafanya kwa farasi wa mamilioni ndiyo aliyokuwa akiyafanya kwa farasi waliokataliwa.

Nitashusha kwa vipande. Mwenye swali aulize, mwenye la kuongeza aongeze.

Nuru77

Nipo mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Ila kabla hujaenda mbali, tuwekee sawa sisi wageni: viunzi na tambarare tofauti yake ni nini hasa? Si farasi wale wale?

Hatamu

Dada Nuru, swali zuri, kwa sababu bila hilo ukubwa wa huyu mzee hauonekani.

Tambarare ni mbio tupu, hakuna cha kuruka. Farasi wanaanza wakiwa na miaka miwili, na wakifika mitatu ndipo zinakuja mbio kubwa zinazoitwa Classics. Derby ni kama mita 2,400, na 2000 Guineas ni mita 1,600. Farasi akishinda vizuri anastaafu mapema anakwenda kuwa dume la mbegu, na huko ndiko pesa kubwa iliko.

Viunzi ni kazi nyingine kabisa. Farasi ni wakubwa kiumri, wengi ni madume waliohasiwa, wanakimbia mbali na kuruka. Grand National ya enzi zile ilikuwa zaidi ya kilomita 7 na vikwazo 30. Hakuna mbegu ya kuuza, na farasi mmoja unaweza kukaa naye miaka sita au saba ukimtunza miguu.

Mkufunzi wa upande mmoja kuhamia mwingine na kushinda mbio ndogo ndogo, hilo lipo. Kutawala huku, ukaacha, ukaenda kutawala kule, sijaona mwingine wa kiwango chake.

Hatamu

SEHEMU YA KWANZA: CHURCHTOWN

Alizaliwa Churchtown, kaunti ya Cork. Baba yake, Dan O'Brien, alikuwa mkulima aliyefuga na kufundisha farasi wachache, mzee wa mashamba aliyependa farasi kuliko hesabu. Vincent alipanda farasi tangu utotoni, akapelekwa kujifunza kwa mkufunzi Fred Clarke huko Leopardstown, kisha akarudi nyumbani kumsaidia baba.

Mwaka 1943 baba akafariki. Shamba halikuwa la Vincent kurithi, kwa sababu kulikuwa na watoto wa mke wa kwanza na Vincent ni wa mke wa pili. Alichobaki nacho ni mabanda na ujuzi. Akaomba leseni akaanza kwa jina lake mwenyewe.

Mwaka uliofuata, 1944, akiwa na farasi wa kuhesabika, alishinda mbio mbili kubwa za msimu wa vuli pale Ireland: Irish Cambridgeshire kwa Drybob, aliyefika sare na mwenzake, na Irish Cesarewitch kwa Good Days. Alikuwa amewawekea wote wawili dau dogo la pamoja, na malipo yake ndiyo yaliyomwinua.

Naomba hapa tuelewane. Kubeti kwake hakukuwa anasa. Ada za wamiliki hazikutosha kulisha banda, kwa hiyo mkufunzi kijana alilazimika kujua kwa hakika ni siku gani farasi wake yuko tayari. Akikosea, chakula cha mabandani kinapungua. Hiyo shule ni kali, na naamini ndiyo iliyomfundisha kumtazama farasi jinsi alivyokuwa akimtazama.

Dau la Kwanza

Mkuu, endelea, lakini mimi niko upande mwingine. Farasi kama Nijinsky na The Minstrel ukimpa mkufunzi yeyote wa maana atashinda nao. Pesa ndiyo iliyonunua mbegu, mbegu ndiyo iliyokimbia. Nakusubiri ufike huko.

Hatamu

Nitafika ndugu yangu, na hoja yako nitaijibu, siikimbii. Ila kwanza viunzi.

SEHEMU YA PILI: WALIOKATALIWA

Farasi wa kwanza mkubwa ni Cottage Rake. Huyu alikuwa ameshindwa kuuzwa kwa sababu daktari wa mifugo alitilia shaka pumzi yake. Kwa farasi wa mbio ndefu, pumzi mbovu ni sawa na hukumu. Akaishia kwa mmiliki aitwaye Frank Vickerman, akawekwa kwa O'Brien. Akashinda Cheltenham Gold Cup mwaka 1948, 1949 na 1950. Joki alikuwa Aubrey Brabazon.

Wa pili ni Hatton's Grace, na huyu ndiye nampenda kuliko wote. Alikuwa mdogo wa umbo, hana sura, ukimwona kwenye mzunguko wa maonyesho kabla ya mbio humpi nafasi. Akiwa mtoto wa mwaka mmoja alinunuliwa kwa gini 18 tu. Alifika kwa O'Brien akiwa tayari mtu mzima, akashinda Champion Hurdle mwaka 1949 akiwa na miaka 9, akarudia 1950, na akarudia tena 1951 akiwa na miaka 11. Katikati ya hapo alikwenda kwenye tambarare akashinda Irish Cesarewitch mara mbili. Farasi wa umri huo wengi wanakula majani ya kustaafu.

Mwaka 1949 O'Brien alifanya jambo ambalo watu walilishangaa. Badala ya kuwasafirisha farasi kwa meli na treni, safari inayowachosha siku nzima na zaidi, aliwapakia kwenye ndege kutoka Shannon hadi Uingereza. Wakaenda Cottage Rake, Hatton's Grace na Castledermot, na wote watatu wakashinda. Leo farasi kupanda ndege ni kawaida, lakini miaka minne tu baada ya Vita Kuu ya Pili, kumpandisha farasi wa mbio kwenye ndege ya mizigo kulihitaji mtu aliyefikiri sana kuhusu uchovu wa farasi.

Mwaka 1951 akamwoa Jacqueline Wittenoom kutoka Perth, Australia, na mwaka huo huo akahama Churchtown kwenda shamba la Ballydoyle, karibu na mji wa Cashel, kaunti ya Tipperary. Lilikuwa shamba la kawaida lenye ua na mitaro kila upande. Akatoboa ua, akafukia mitaro, akaunganisha mashamba mpaka akapata njia ndefu za kukimbizia farasi. Baadaye alitengeneza hata kona inayoteremka mfano wa Tattenham Corner ya Epsom, ili farasi akienda Derby asikutane na kona ile kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Sasa Grand National. 1953 Early Mist, 1954 Royal Tan, 1955 Quare Times.

Royal Tan ana kisa. Mwaka 1951 alikosea vibaya kwenye kiunzi cha mwisho akamaliza wa pili. 1952 akaanguka hapo hapo kwenye kiunzi cha mwisho. Mtu mwingine angesema huyu ana mkosi, auzwe. O'Brien aliona kwamba farasi huyu hataki kusaidiwa. Joki akimsukuma au akivuta hatamu wakati anakaribia kuruka, anavurugika. Alipopewa Bryan Marshall, joki hodari aliyezoea kumwongoza farasi kwa nguvu, mazoezi ya mwanzo yalikwenda vibaya. Maelekezo ya O'Brien yakawa mafupi: tulia juu yake, mwachie mwenyewe aamue wapi anyanyue miguu. Mwaka 1954 wakashinda kwa urefu wa shingo.

Na kati ya 1952 na 1959, mbio za Gloucestershire Hurdle pale Cheltenham, zile za farasi wanaoanza viunzi, alikuwa akizichukua karibu apendavyo. Alishinda mara 10 katika kipindi hicho, kwa kuwa mara nyingi ziligawanywa makundi.

Kwato

Mkuu Hatamu, nakusoma kwa hamu. Mimi nimefanya kazi ya kutunza farasi kwa miaka kadhaa, niongeze kidogo kuhusu hiyo habari ya kutazama, kwa sababu mtu asiyeingia mabandani anaweza kudhani ni maneno ya kupamba.

Asubuhi kitu cha kwanza unachoangalia ni hori, hata kabla ya farasi mwenyewe. Je, amemaliza chakula cha usiku? Kama kimebaki, kimebaki kiasi gani, na kimebaki kimetawanyika au kimekaa upande mmoja? Farasi aliyeanza kula akaacha katikati anakwambia kitu tofauti na aliyekataa kabisa. Halafu unaangalia matandiko ya majani sakafuni kama yamechimbwa. Farasi mwenye maumivu ya tumbo huzunguka na kujilaza na kuamka usiku kucha, na sakafu inaonyesha.

Kisha miguu. Unachuchumaa, unapitisha kiganja taratibu kutoka goti kushuka nyuma ya mguu wa mbele, kwenye kano. Unatafuta joto. Uvimbe unaonekana kwa macho, lakini joto hutangulia uvimbe, wakati mwingine kwa siku nzima. Unalinganisha na mguu wa pili, kila siku, mpaka mkono wako unakijua kila kimguu kwa jina.

Nikiri jambo. Kuna asubuhi moja nilihisi joto kwenye kano ya farasi jike mmoja, dogo sana, nikajiambia ni kwa sababu amelalia upande ule. Sikusema. Akatolewa mazoezini, akarudi anachechemea, na hakukimbia tena maisha yake. Mpaka leo kiganja changu kinalikumbuka lile joto. Kwa hiyo nikisoma kwamba mzee O'Brien alikuwa akizunguka mabanda jioni akimgusa farasi mmoja mmoja, mimi namwelewa.

Nuru77

Kwato, pole sana ndugu yangu. Na asante kwa kutueleza wazi namna hiyo.

Hatamu

Kwato, umetupa kitu ambacho mimi wa kusoma tu nisingeweza kukitoa. Asante.

SEHEMU YA TATU: KUFUNGIWA

Hii sehemu siiruki, maana wengi wanaomsifu huiruka.

Mwaka 1954, wasimamizi wa mbio wa Ireland walimfungia miezi mitatu. Sababu waliyotoa ni kwamba farasi wake wanne, wakiwamo Royal Tan na Early Mist, walikuwa wakikimbia bila kulingana, leo vibaya, kesho vizuri. Hakukuwa na mbio moja waliyoitaja kuwa ndiyo ya udanganyifu.

Mwaka 1960 ikaja kubwa zaidi. Farasi kijana aitwaye Chamour alishinda mbio ndogo kwenye uwanja wa Curragh, zawadi yake ya pauni mia mbili na kidogo. Vipimo vikasema ana chembe za dawa ya kusisimua. Kanuni ya wakati ule ilimfanya mkufunzi abebe lawama hata kama haijulikani nani alifanya nini. O'Brien akafungiwa miezi 18 na akatakiwa kuondoka Ballydoyle, nyumbani kwake na kwa familia yake. Leseni ikachukuliwa na mdogo wake, Phonsie.

Wiki chache baadaye Chamour yule yule akashinda Irish Derby, mkufunzi kwenye karatasi akiwa Phonsie. Umati wa Curragh ukaanza kupiga kelele ukimwita Vincent, ambaye hakuwepo.

Adhabu ilipunguzwa, akarudi 1961. Alifungua pia kesi ya kashfa dhidi ya wasimamizi kwa namna walivyomwandika, nao wakamwomba radhi kwa maandishi. Maoni yangu: mtu aliyekuwa na njaa ya kushinda kiasi hicho, na rekodi aliyokuwa nayo, hakuwa na sababu ya kumpa dawa farasi wake bora kwa ajili ya zawadi ya mia mbili. Ila kisa kile kilimbadilisha. Baada ya hapo ulinzi wa mabanda yake ukawa mkali, na dawa yoyote kumkaribia farasi wake karibu na siku ya mbio likawa jambo la kuogopwa. Likumbukeni hili tukifika kwa Nijinsky.

Niseme pia kwamba kabla ya Chamour alikuwa ameshaanza kuhamia tambarare. Mmarekani John McShain alimpa Ballymoss, na farasi huyo alishinda Irish Derby na St Leger mwaka 1957, kisha 1958 akaongeza Eclipse, King George na Arc. Mwaka huo huo farasi jike Gladness akampa Ascot Gold Cup. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Quare Times ashinde National.

Dau la Kwanza

Hilo la Ballymoss sikulijua, nakiri. Nilidhani alianza tambarare na Nijinsky.

Hatamu

Wengi hudhani hivyo. Kabla ya Nijinsky alikuwa na Derby mbili tayari: Larkspur 1962 na Sir Ivor 1968, wote mali ya Raymond Guest, aliyekuwa balozi wa Marekani pale Dublin. Sir Ivor alipelekwa Pisa, Italia, kukaa majira ya baridi ili akwepe baridi ya Tipperary. Mwenye farasi alikuwa amemwekea dau la Derby mapema kwa bei ya 100 kwa 1, na likalipa.

SEHEMU YA NNE: NIJINSKY

Mwaka 1968 tajiri wa Marekani, Charles Engelhard, alimtuma O'Brien Kanada, kwenye shamba la Windfields la E. P. Taylor, akamwangalie mtoto wa farasi aliyezaliwa na dume Ribot. O'Brien akaenda, akamtazama, hakumpenda mguu. Akiwa pale pale akaona mwingine, mtoto wa Northern Dancer, mkubwa, mwenye mwendo wa kupendeza. Akamwambia Engelhard: achana na yule, nunua huyu. Bei ikawa dola 84,000 za Kanada, ambayo kwa minada ya kule ilikuwa rekodi.

Northern Dancer mwenyewe alikuwa mfupi. Alishinda Kentucky Derby mwaka 1964, lakini alipokuwa mtoto aliwekwa sokoni kwa dola 25,000 na hakuna aliyemtaka. Kwa hiyo ndugu Dau la Kwanza, mbegu unayoitaja haikuwa dhahabu wakati O'Brien anaielekezea kidole. Ikawa dhahabu kwa sababu ya kile farasi wake walichofanya.

Nijinsky alipofika Ballydoyle akagoma kula. Oti, ambayo ndiyo chakula cha kawaida cha farasi wa mbio, hakugusa. Wakauliza Kanada, wakaambiwa huyu amelelewa kwa chakula cha vidonge vilivyoshindiliwa. Wakaagiza vidonge vile viletwe. Siku mzigo unafika, Nijinsky akawa ameshaanza kula oti yake.

Tabia yake ilikuwa ngumu. Alisimama kwa miguu ya nyuma, alitoka jasho, hakutaka kutoka bandani na wenzake. O'Brien alimchagulia wapandaji wenye mikono mepesi wasiopigana naye, akaacha muda ufanye kazi. Msimu wa kwanza akashinda zote tano.

Mwaka 1970 akashinda 2000 Guineas. Siku moja kabla ya Derby, pale Epsom, akapata msokoto wa tumbo. Jasho, anakwaruza sakafu kwa kwato. Dawa ya kutuliza ipo na daktari yupo, lakini sindano ikipigwa tu, hakuna Derby, kwa sababu vipimo vitaonyesha. Mnakumbuka Chamour. Kwa hiyo wakasubiri, kisha wakampa mchanganyiko mwepesi wa pumba, majani na bikaboneti ya soda, vitu vya jikoni. Akaula. Baada ya muda akatulia. Kesho yake Lester Piggott akampanda na akashinda Derby.

Mara nyingi nafikiria ile saa ya kusubiri. Farasi ghali kuliko wote barani anaumwa mbele yako, na wewe unayejua kila kitu, unachoweza kufanya ni kumtazama tu.

Akaongeza Irish Derby, King George, halafu St Leger mwezi Septemba. Hapo akakamilisha Mataji Matatu, yaani Guineas, Derby na St Leger kwa mwaka mmoja. Wa mwisho kufanya hivyo kabla yake alikuwa Bahram mwaka 1935. Baada yake mpaka leo hakuna.

Ila St Leger aliikimbia akiwa ametoka kuugua choa, manyoya yamemtoka sehemu nyingi na mazoezi yamekatika. Mwezi uliofuata kwenye Arc akapitwa na Sassafras kwa urefu wa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kushindwa baada ya ushindi 11 mfululizo. Wapo waliomlaumu Piggott kwa kumwacha nyuma mno. Mimi naona farasi alikuwa amechoka, na hapa ndipo namlaumu O'Brien kidogo: ile safari ya St Leger ilikuwa ya historia zaidi kuliko ya farasi.

Kwato

Nakuunga mkono. Farasi anayetoka kwenye choa anaonekana mzima kabla hajawa mzima.

Dau la Kwanza

Sawa, Nijinsky nimekuelewa. Lakini miaka ya Sangster? Hapo huwezi kukataa kwamba ni pesa.

Hatamu

SEHEMU YA TANO: PESA

Siwezi kukataa kwamba pesa ilikuwepo. Kuanzia 1975 O'Brien, Sangster na John Magnier, mkwe wa O'Brien, walikwenda mnada wa Keeneland, Kentucky, wakanunua watoto wa Northern Dancer kwa wingi. Mpango ulikuwa rahisi kuueleza: nunua mtoto, mfanye bingwa, muuze kama dume la mbegu kwa bei mara kumi. Huko ndiko Coolmore, shamba la madume ya mbegu, ilikokulia.

Lakini angalia aliyekuwa akichagua. The Minstrel alikuwa mdogo, mwekundu, na miguu yote minne ina weupe, kitu ambacho wanunuzi wengi walikiona kasoro. Walimpata kwa dola 200,000. Mwaka 1977 akapoteza Guineas ya Uingereza na ya Ireland pia. Piggott akasema akikimbizwa Derby atampanda, na O'Brien akakubali.

Shida ya The Minstrel ilikuwa kelele. Epsom siku ya Derby kuna bendi, umati, watu pande zote. O'Brien akamziba masikio kwa pamba, akazunguka naye kwenye maonyesho akiwa hasikii vizuri, na pamba ikatolewa mwanzoni mwa mbio. Akashinda kwa shingo mbele ya Hot Grove. Pamba haina bei, ndugu yangu. Hapo ndipo ninapouona mkono wa yule yule aliyesema Royal Tan aachiwe.

Na pesa bila jicho tuliiona. Mwaka 1983 Snaafi Dancer, mtoto wa Northern Dancer, alinunuliwa na Sheikh Mohammed wa Dubai kwa dola milioni 10.2 baada ya kushindana na kundi la Sangster, na hakukimbia hata mbio moja. Sitaficha pia kwamba kundi la O'Brien lenyewe lilitoa milioni 13.1 mwaka 1985 kwa Seattle Dancer, ambaye alikuwa farasi mzuri tu, si zaidi. Kwa hiyo hata wao bei iliwazidi akili mwishoni.

Wengine nitawataja haraka: Roberto, Derby 1972, na mwaka huo huo akawa farasi pekee aliyewahi kumshinda Brigadier Gerard. Alleged, Arc mbili, 1977 na 1978. Golden Fleece, Derby 1982, mbio nne ushindi nne.

Dau la Kwanza

Hiyo ya pamba imenikalia. Nashusha silaha nusu. Nusu nyingine nabaki nayo, kwa sababu bila Sangster asingepata hata nafasi ya kumziba The Minstrel masikio.

Hatamu

Nusu hiyo baki nayo, ni ya haki.

Nimalizie na 1990. Mzee ana miaka 73, mabanda yamepungua farasi, na wengi wameshamweka kwenye historia. Piggott naye amestaafu tangu 1985, na katikati ya hapo amekaa gerezani kwa kesi ya kodi. Akarudi kupanda mwezi Oktoba akiwa na miaka 54. Siku 12 baadaye, kwenye uwanja wa Belmont Park, New York, akampanda Royal Academy wa O'Brien kwenye Breeders' Cup Mile. Akatoka nyuma, akapita katikati ya uwanja, akashinda kwa shingo. Royal Academy ni mtoto wa Nijinsky.

O'Brien alistaafu 1994. Ballydoyle sasa iko chini ya Aidan O'Brien, ambaye hawana undugu, majina tu yamegongana.

Nuru77

Mkuu, shukrani sana. Swali langu la mwisho: hakuwa na mtoto aliyemfuata kwenye kazi?

Hatamu

Alikuwa naye dada Nuru, na hicho ni kisa chake chenyewe. David O'Brien alianza kufundisha akiwa kijana sana. Mwaka 1982 alishinda Derby ya Ufaransa na ya Ireland kwa Assert.

Mwaka 1984 baba alikwenda Epsom na El Gran Senor, ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja. Pat Eddery yuko juu yake. Zikiwa zimebaki mita mia tatu hivi Eddery bado amekaa bila kutikisika, ana farasi mzima chini yake, na wote uwanjani wanajua mbio zimeisha. Halafu Secreto akaja pembeni, joki Christy Roche, mkufunzi David O'Brien. Wakaenda sambamba mpaka mwisho. Picha ikasema Secreto, kwa tofauti ndogo kuliko kichwa. Eddery akaweka pingamizi kwamba amebanwa, wasimamizi wakalikataa.

El Gran Senor na Secreto wote ni watoto wa Northern Dancer, yule mfupi ambaye hakuna aliyemtaka. Baba alipoteza Derby ambayo ingekuwa ya saba, na thamani ya farasi wake kama dume la mbegu ikashuka kwa mamilioni mengi ndani ya dakika mbili na nusu. Akaenda kumpongeza mwanawe.

David aliacha ukufunzi mwaka 1988, bado kijana. Baadaye akahamia Ufaransa, Provence, akawa analima zabibu na kutengeneza mvinyo.

Kwato

Miaka michache tu, Derby tatu za nchi tatu, kisha akaacha. Mkuu, huyo David anastahili uzi wake. Ukiufungua niite.